Gamal Abdel Nasser: Mwanajeshi Aliyejenga Bwawa la Aswan

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne humkuta Gamal Abdel Nasser katika kitabu cha Historia, kwenye sura ya ukombozi wa Afrika. Humkariri pamoja na mwaka wa Mfereji wa Suez, na mtihani ukiisha humwacha huko huko kitabuni. Mimi nami nilikutana naye hivyo, katika madarasa haya haya. Baadaye kazi yangu ya utumishi wa umma ikaniweka karibu na miradi ya maji na umeme, na nimejikuta nikirudi kwake mara nyingi.

Kwa hiyo Mhariri aliponitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, sikupata taabu ya kuchagua. Kila unapotajwa mradi uliochelewa, iwe kikaoni au kijiweni, hakosekani mtu wa kusema kwamba nchi zetu zinahitaji mwanajeshi mmoja mkali, apige meza, mambo yaende. Nasser alikuwa mwanajeshi. Alitawala kwa mkono wa chuma, na alijenga bwawa ambalo hadi leo linafua umeme. Maisha yake, basi, ni mahali pazuri pa kulipimia neno hilo.

KUZALIWA NA MASOMO

Nasser alizaliwa tarehe 15 Januari 1918 katika mtaa wa Bakos, mjini Alexandria. Baba yake alikuwa karani wa posta, mtu wa asili ya kijiji cha Beni Mur karibu na Asyut, huko Misri ya Juu. Mama yake alifariki mwaka 1926, mtoto akiwa na umri wa miaka 8. Kwa kuwa karani wa posta huhamishwa-hamishwa, kijana naye alisoma shule nyingi: Khatatba, Cairo, Helwan, Alexandria, kisha Cairo tena.

Hakuwa mwanafunzi wa kukaa kimya. Mwaka 1930, akiwa na miaka 12, aliingia katika maandamano mjini Alexandria na akalala mahabusu usiku mmoja. Novemba 1935 aliongoza wanafunzi wenzake kuandamana dhidi ya Waingereza, na risasi ya polisi ikamparuza kichwani. Mwaka huo huo aliigiza Julius Caesar katika mchezo wa shule. Wenzetu waliosoma tafsiri ya Kiswahili ya mchezo huo, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1963, wanajua jinsi unavyozungumzia mtu mmoja kushika nchi nzima mkononi.

Alipoomba kwanza kuingia Chuo cha Kijeshi alikataliwa. Hakuwa na mtu mkubwa wa kumsemea, na polisi walikuwa na jalada lake. Akasoma sheria kwa miezi michache. Mwaka 1937 aliomba tena, safari hii akafika mbele ya ofisa mkubwa wa wizara ya vita, akakubaliwa. Ilikuwa baada ya mkataba wa Misri na Uingereza wa 1936, ambapo chuo kilianza kupokea vijana wa familia za kawaida. Serikali ya mfalme ilikuwa inapanua jeshi lake. Haikujua kwamba ilikuwa inawafundisha kazi watu watakaoiondoa.

JESHINI NA MAPINDUZI

Alimaliza chuo mwaka 1938 na kupelekwa kambi ya Mankabad, ambako alikutana na Anwar Sadat. Baadaye alitumikia Sudan pamoja na rafiki yake Abdel Hakim Amer, jina ambalo msomaji alishike, maana tutarudi kwake. Februari 1942 vifaru vya Waingereza viliizingira kasri ya Abdin na kumlazimisha Mfalme Farouk kuteua serikali waliyoitaka wao. Maofisa vijana waliona haya. Aibu ya pili ikaja katika vita vya Palestina vya 1948. Kikosi cha Nasser kilizingirwa Faluja kwa miezi, hakikusalimu amri, lakini waliorudi nyumbani walirudi na hasira juu ya waliowapeleka vitani bila matayarisho.

Hapo ndipo chama cha siri cha Maofisa Huru kilipopata nguvu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1952 waliteka makao makuu ya jeshi, na tarehe 26 Mfalme akapanda meli kwenda uhamishoni. Nasser alikuwa luteni kanali wa miaka 34. Kwa kuwa vijana hawa hawakujulikana na wananchi, walimtanguliza Jenerali Muhammad Naguib, mtu mzima mwenye heshima. Misri ikawa jamhuri mwaka 1953 na Naguib akawa rais wake wa kwanza. Lakini mwishoni mwa 1954 Nasser alimwondoa na kumweka kizuizini nyumbani.

Tendo kubwa la kwanza la utawala huo lilikuwa ardhi. Sheria ya Septemba 1952 ilikataza mtu kumiliki zaidi ya fedani 200, yaani kama ekari 200 na kidogo. Mwaka 1961 kiwango kikashushwa hadi fedani 100. Katika nchi ambayo matajiri wachache walishika mashamba na mamilioni hawakuwa na hata kipande, jambo hilo halikuwa dogo. Lakini mwezi huo huo wa Septemba 1952 wafanyakazi wawili wa kiwanda cha nguo cha Kafr el-Dawwar walinyongwa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi baada ya mgomo. Januari 1953 vyama vya siasa vikapigwa marufuku. Serikali hiyo ilitoa kwa mkono mmoja na kukaba kwa mkono wa pili, na atakayesimulia habari za Nasser hana budi kuitazama mikono yote miwili.

WAZO LA BWAWA

Misri ni mto Nile, na nje ya mto ni jangwa. Kwa wastani mto hupitisha kama mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, na sehemu kubwa zaidi hutoka milima ya Ethiopia. Zamani mafuriko yalikuja kati ya Agosti na Oktoba. Yakizidi, vijiji vilikwenda na maji. Yakipungua, njaa iliingia. Waingereza walijenga bwawa la kwanza la Aswan, likakamilika 1902, kisha wakaliongeza kimo mara mbili. Lakini lilitunza maji ya msimu mmoja tu. Mhandisi mmoja mwenye asili ya Kigiriki aliyeishi Misri, Adrian Daninos, alishikilia kwamba linawezekana bwawa la kutunza maji ya miaka mingi, mwaka wa neema ukaulisha mwaka wa ukame. Serikali ya mfalme haikulifanyia kazi wazo hilo. Maofisa walilichukua mara tu waliposhika madaraka.

Fedha ndiyo iliyokuwa tatizo. Desemba 1955 Marekani iliahidi dola milioni 56, Uingereza dola milioni 14, na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 200. Lakini Misri ilikuwa imenunua silaha kutoka kambi ya Mashariki na kuitambua China ya Mao. Tarehe 19 Julai 1956 Marekani iliondoa ahadi yake, Uingereza ikafuata, na mkopo wa Benki, uliotegemea fedha hizo, ukaanguka nao.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja. Jioni ya tarehe 26 Julai, katika uwanja wa Manshia mjini Alexandria, Nasser alihutubia umati mkubwa. Ndani ya hotuba alilitaja mara kwa mara jina la Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Suez. Wasikilizaji walidhani anasimulia historia. Kumbe jina hilo lilikuwa alama. Mhandisi Mahmoud Younis na watu wake, waliokuwa wakisikiliza redio, walipolisikia waliingia katika ofisi za kampuni ya mfereji na kuzishika. Kampuni hiyo ilikuwa ya wenye hisa wa nje, na mkataba wake ulikuwa uishe 1968. Nasser aliahidi kuwalipa wenye hisa fidia, na ikalipwa. Mapato ya mfereji, alisema, yatajenga bwawa.

Marubani wengi wa kigeni walipoacha kazi katikati ya Septemba, Ulaya ilitazamia meli zikwame. Wamisri, pamoja na marubani wachache waliobaki na wengine walioajiriwa haraka, walizipitisha. Mwisho wa Oktoba Israeli ilivamia Sinai, na Uingereza na Ufaransa zikafuata kwa ndege na askari. Marekani na Urusi, kila moja kwa sababu zake, zilizilazimisha kuondoka. Kijeshi Misri ilipigwa. Kisiasa ilishinda, na jina la Nasser likaenea Afrika nzima.

Huku kwetu jina hilo lilikuwa limekwisha kufika. Tangu 1954 redio ya Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, ikiunga mkono vita vya Mau Mau na kuwasema wakoloni. Marehemu baba yangu alinisimulia jinsi watu walivyoizunguka redio moja ya betri, mmoja akiwa mlangoni kuangalia asije askari. Cairo iliwapa ofisi wapigania uhuru na nafasi za masomo vijana wengi, wa Unguja hasa. Mwaka 1966 Nasser alikuja Tanzania na kupokewa na Mwalimu Nyerere.

KAZI YENYEWE

Mwisho wa 1958 Urusi ilikubali kutoa mkopo na wataalamu, na tarehe 9 Januari 1960 kazi ilianza. Wanafunzi wanaosoma Fizikia na Jiografia nawaomba wasiruke aya hii. Ukuta wa Aswan si zege tupu kama wengi wanavyodhani. Ni mlima wa mawe na mchanga, katikati una kiini cha udongo wa mfinyanzi, na chini yake kuna pazia la saruji na udongo lililosukumwa kwa sindano katika mchanga wa kitanda cha mto ili maji yasipenye. Una kimo cha mita 111, urefu wa zaidi ya kilomita 3 na nusu, na upana wa karibu kilomita 1 chini, ukipungua hadi mita 40 juu. Kwanza ilibidi kuchimba njia mpya ya mto katika mwamba wa itale, pamoja na mahandaki sita ya kupitisha maji kwenye mitambo 12 ya kufua umeme, jumla megawati 2,100.

Kazi za ujenzi zilishikwa na kampuni ya mhandisi Osman Ahmed Osman. Waliofanya kazi walikuwa zaidi ya 30,000, kwa zamu usiku na mchana, katika joto linalopita nyuzi 40. Baadhi yao walipoteza maisha. Mwanzoni kazi ilikwenda pole, kwa kuwa mashine nyingine hazikustahimili joto wala itale, ikabidi kutafuta za namna nyingine nje ya Urusi. Mwaka 1962 Nasser aliunda wizara maalumu ya bwawa na kumpa Sidqi Sulayman, mhandisi mwenye cheo cha kijeshi, pamoja na tarehe moja isiyosogezwa: mto ugeuzwe katikati ya Mei 1964, kabla ya mafuriko. Tarehe 14 Mei 1964, Nasser na Khrushchev wakiwa wamesimama pamoja, Nile iliingia katika njia yake mpya. Mitambo ya mwanzo ilianza kufua umeme 1967, na Julai 1970 kazi yote ikakamilika.

Faida zilionekana. Karibu fedani milioni moja zilizongojea mafuriko mara moja kwa mwaka zikaanza kulimwa mwaka mzima. Katika miaka ya 1970 bwawa lilitoa karibu nusu ya umeme wa Misri, na vijiji visivyoujua vikawaka taa. Ukame ulipoichoma Ethiopia na Sudan katika miaka ya 1980, Misri iliishi kwa akiba ya ziwa hadi mvua ziliporudi 1988.

WALIOLIPA

Lakini ziwa lenye urefu wa kama kilomita 500 halitandazwi mahali patupu. Lilifunika nchi ya Wanubi. Kati ya 1963 na 1964 Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishiwa Kom Ombo. Upande wa Sudan, watu wengine wapatao 50,000 wa Wadi Halfa walipelekwa Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka mtoni kwao. Serikali ya Sudan wakati huo nayo ilikuwa ya kijeshi, ya Jenerali Ibrahim Abboud, na watu wa Halfa walipoandamana mwaka 1960 walikabiliwa na polisi. Kabla ya kuondoka Wanubi walikwenda makaburini kuwaaga wazee wao. Walikofika, nyumba nyingine hazijakwisha kujengwa, mto uko mbali, na wapo watoto wachanga na wazee waliofariki katika miezi ya mwanzo.

Mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu, kati ya 1964 na 1968, kwa msaada wa dunia nzima uliokusanywa na UNESCO. Ni kazi ya ajabu na sina neno nayo. Lakini Wanubi wenyewe hawakuchangiwa namna hiyo. Katiba ya Misri ya mwaka 2014 iliahidi kuwarudisha maeneo yao ndani ya miaka 10. Miaka hiyo imepita na ahadi haijatimia.

Jambo hili nalijua kwa karibu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa na wenzangu kuhakiki fidia ya watu waliokuwa wapishe mradi mmoja hapa nchini. Mzee mmoja alitupitisha shamba kwa shamba, tukihesabu miembe, minazi na nyumba, mpaka tukafika kwenye mkwaju mkubwa. Mkwaju ulikuwa na bei yake katika jedwali, nikaiandika. Mzee akasema kwamba chini ya mti ule ndipo wanapoamulia kesi na kuozeshea mabinti, akataka kujua nimeiandika wapi hiyo. Haikuwa na mahali. Tulirudi ofisini tukaandika maelezo ya ziada, na kijiji kikapewa uwanja wa mikutano kule kulikohamiwa. Kilipatikana hicho kidogo kwa sababu mzee aliuliza, na alikuwa na ruhusa ya kuuliza.

Misri ya Nasser ruhusa hiyo ilikuwa haba. Magazeti yalitwaliwa na serikali mwaka 1960, mwaka ule ule bwawa lilipoanza. Ndugu Waislamu na wakomunisti walijazwa magerezani, na Sayyid Qutb alinyongwa 1966. Kura za urais zilikuwa na mgombea mmoja. Katika hali hiyo, wahandisi waliokuwa na mashaka juu ya bwawa hawakupata pa kuyasema hadharani. Na mashaka mengine yalikuwa ya kweli. Tope la rutuba lililolisha mashamba kwa maelfu ya miaka sasa huzama ziwani, na mkulima hununua mbolea. Ufuo wa delta unaliwa na bahari kwa kukosa mchanga mpya. Dagaa wa pwani walipungua sana miaka ya mwanzo, na kichocho kiliongezeka katika maeneo ya mifereji. Sisemi bwawa lisingejengwa. Nasema mengine kati ya hayo yangetayarishiwa dawa mapema.

Hata sisi wa Ziwa Victoria hatukuulizwa. Mkataba wa 1929, ambao Waingereza waliusaini kwa niaba yetu, na ule wa 1959, uliogawa maji bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, haukutupa kitu. Mwalimu Nyerere alizijulisha serikali zinazohusika mwaka 1962 kwamba Tanganyika haifungwi na mkataba wa mkoloni. Kwa msimamo huo maji ya Ziwa Victoria yalifika Kahama na Shinyanga, katika mradi uliozinduliwa 2009.

MWAKA 1967 NA KIFO

Sasa turudi kwa Abdel Hakim Amer. Mwaka 1953 Nasser alimpandisha rafiki yake kutoka meja hadi meja jenerali kwa siku moja, akampa jeshi lote. Aliliongoza kwa miaka 14. Jeshi hilo lilizama katika vita vya Yemen kuanzia 1962, na asubuhi ya tarehe 5 Juni 1967 ndege zake ziliteketezwa na Israeli zikiwa bado ardhini. Redio ya Cairo iliendelea kutangaza ushindi. Baada ya siku 6 Sinai yote ilikuwa imepotea na Mfereji wa Suez umefungwa. Haukufunguliwa tena hadi Juni 1975, na kwa miaka 8 meli kati ya bandari zetu na Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Nasser alitangaza kujiuzulu tarehe 9 Juni. Mamilioni waliingia barabarani wakimtaka abaki, naye akabaki. Amer alikufa Septemba mwaka huo, na serikali ikasema alijiua. Tangu hapo Nasser, aliyekuwa na kisukari na maradhi ya moyo, hakupata afya tena. Tarehe 28 Septemba 1970, saa chache baada ya kuwaaga viongozi wa Kiarabu aliowapatanisha kuhusu vita vya Jordan, alifariki kwa moyo, akiwa na miaka 52. Bwawa lilikuwa limekamilika miezi miwili kabla. Lilizinduliwa na Sadat tarehe 15 Januari 1971, siku ambayo marehemu angetimiza miaka 53.

KIPIMO

Basi, je, ule mkono wa chuma ndio uliojenga bwawa? Mtawala alikuwa yule yule, na miaka ni ile ile. Bwawa alilikabidhi kwa wahandisi, na kazi yao ilipimwa kila siku kwa mita na kwa tarehe. Maji hayadanganyiki wala hayapigi saluti. Jeshi alilikabidhi kwa rafiki, na kipimo chake kilikuwa utii. La kwanza limesimama, la pili lilianguka kwa asubuhi moja. Kama ukali peke yake ungetosha, yote mawili yangesimama. Nia ya Nasser na ujasiri wake wa 1956 simnyimi, maana bila hayo bwawa lisingeanza. Lakini amri haikuchimba itale. Ilichimbwa na watu waliosoma na watu waliotoka jasho, na mahali ambapo amri ilitosha kweli ni kule kuwahamisha Wanubi bila kuwasikiliza.

Wenzangu tulio kazini tunalo la kutufikirisha hapa nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, karibu sawa kabisa na Aswan. Mtambo wa kwanza ulianza kufua umeme 2024. Mmoja wa wajenzi wake ni kampuni ile ile aliyoianzisha Osman Ahmed Osman. Ethiopia nayo ilizindua bwawa lake kubwa juu ya Nile ya Buluu Septemba 2025, na sasa Misri ndiyo inayolalamika kwamba haikusikilizwa.

Nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, mkimsoma Nasser msiishie kwenye tarehe ya mfereji. Hesabu zenu na Fizikia yenu ndizo zitakazohitajika siku mto fulani utakapotaka kuzuiwa, na siku hiyo kutakuwa na mzee fulani chini ya mkwaju wake mwenye swali. Msikilizeni kabla hamjafungua jedwali la bei.

Nawatakia nyote mkutano mwema.

Mwenzenu, Kidato cha Nne, 1999.